Tanzania imefuzu au haijafuzu? Tuzipange hizi ngazi za kriketi

Mwaka 2025 uliwachanganya watu kweli. Aprili zikaja habari kwamba Tanzania imefuzu Kombe la Dunia la kriketi, magrupu yakajaa pongezi, mpaka za watu ambao hawajawahi kuona gongo la kriketi kwa macho yao. Ikafika Oktoba zikaja nyingine, Tanzania imefungwa na Namibia nusu fainali, safari ya Kombe la Dunia basi. Hapa Mbeya kwenye vijiwe vya bodaboda ubishi ukawa ndo huo, sasa tulifuzu halafu tukafutwa au ilikuwaje? Alafu kuna wale wa mikeka, wanaojua ratiba za dunia nzima kuliko wanavyojua ratiba za shule za watoto wao, wakaongeza kwamba Tanzania bado imo kwenye njia ya kombe la 2027. Kila mmoja akamwona mwenzake muongo.

Wote walikuwa sahihi. Shida ni kwamba tunasema "Kombe la Dunia la kriketi" kana kwamba lipo moja. Kuna la ova 50, kuna la T20, yote yana la wanaume na la wanawake, alafu kuna ya vijana chini ya miaka 19. Kila moja lina ngazi yake ya kupandia na hizo ngazi hazijaungana sana, unaweza ukawa juu kabisa kwenye moja na chini kwenye nyingine. Habari ya Aprili ilikuwa ya vijana wa U19, walioshinda mchujo wa Afrika huko Lagos wakapata nafasi ya fainali za 2026 za Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza katika historia yetu. Ya Oktoba ilikuwa ya timu ya wakubwa, T20, kule Harare. Na hiyo ya 2027 ni ya wakubwa haohao ila ni ova 50. Timu tofauti, mchezo wa urefu tofauti, kombe tofauti.

Kabla hatujapanda ngazi yenyewe tuelewane maneno manne. Ova ni mipira sita anayorusha mrushaji mmoja, ikiisha anaingia mwingine kurusha kutokea upande wa pili. Mikimbio ndo pointi zenyewe, wapigaji wawili wakipishana kukimbia toka mwisho mmoja wa njia ya kuchezea hadi mwingine wanapata mmoja, mpira ukitambaa ukafika kamba ya mpaka ni minne, ukiruka kamba bila kugusa chini ni sita. Wiketi ni mpigaji kutolewa, na timu ina watu 11 kwaiyo zikianguka wiketi 10 imekwisha kwa sababu mmoja aliyebaki hana wa kukimbia naye. T20 ni kila timu kupewa ova 20, yaani mipira 120, mechi inakwenda kama masaa matatu na kitu. Ova 50 ni mipira 300 kila upande, hiyo unaanza asubuhi unamaliza jioni. Ile ya siku tano inayowafanya watu waseme kriketi ni mchezo wa wasio na kazi inaitwa Test na Tanzania haichezi kabisa, wanacheza wanachama kamili tu.

Hapo pa "wanachama kamili" ndo penye mzizi wa mambo yote. Baraza la kimataifa la kriketi, ICC, makao yake Dubai, lilifikisha nchi 110 mwezi Julai 2025. Kati ya hizo, 12 tu ndo wanachama kamili, India, Australia, Uingereza na wenzao, Afrika wapo Afrika Kusini na Zimbabwe. Zilizobaki 98 zinaitwa washirika. Sisi ni washirika tangu 2001, kabla ya hapo tulikuwa tunaingia kwa mwamvuli wa Afrika Mashariki, na watu wengi hawajui kwamba kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa la wanaume, 1975 kule Uingereza, kulikuwa na timu inaitwa East Africa yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilipoteza mechi zote tatu, lakini ilikuwepo. Hao Zambia, majirani zetu wa kuvuka tu Tunduma, walikuja kuupoteza uanachama na wamerudishwa hiyohiyo Julai 2025, wanaanza upya chini kabisa.

Mwanachama kamili ana uhakika wa mechi kubwa, pesa kubwa na kalenda iliyojaa. Mshirika inabidi apande. Na hapa mtu wa Mbeya hahitaji kufundishwa sana maana Mbeya City tumeiona inapanda ligi kuu 2013, tumeiona inashuka 2023, tumeiona inarudi 2025, tunajua maumivu ya daraja la chini yakoje, viwanja vibovu, mechi hazionyeshwi, mechi moja inaamua kama mtakula mwakani. Kriketi ya washirika ni hivohivo, tofauti yake kubwa ni kwamba ligi ya mpira inakupa miezi tisa ya kujirekebisha, wakati kule mashindano yote yanaweza kuisha ndani ya wiki moja. Mnakutana timu sita kwenye nchi moja, mnacheza karibu kila siku, siku ya nane mmoja amepanda mwingine anarudi nyumbani kusubiri miaka.

Zamani ngazi ilikuwa inaonekana kwa namba kabisa. Kuanzia 2007 hadi 2019 kulikuwa na Ligi ya Kriketi ya Dunia ya ICC, ova 50, imegawanywa madaraja, la kwanza, la pili, kushuka hadi la nane. Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa daraja la tatu, ikacheza Darwin, Australia, ikashuka. Oktoba 2008 daraja la nne likachezwa Dar es Salaam, na hii ndo hadithi ninayopenda kumpa kila anayeniambia mashindano ya madaraja ya chini ni bonanza.

Timu zilikuwa sita, Tanzania, Fiji, Hong Kong, Italia, Jersey na Afghanistan. Hao Afghanistan miezi mitano kabla walikuwa daraja la tano kwenye kisiwa cha Jersey, timu ambayo wachezaji wake wengi walijifunzia mchezo kwenye kambi za wakimbizi Pakistan. Wakaja Dar, wakashinda fainali dhidi ya Hong Kong, wote wawili wakapanda. Januari 2009 wakaenda Buenos Aires daraja la tatu, wakapanda tena. Aprili 2009 wakawa Afrika Kusini kwenye mchujo wa Kombe la Dunia wakapata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Toka daraja la tano mpaka hapo haukupita hata mwaka mzima! 2010 wakacheza Kombe la Dunia la T20, 2015 la ova 50, 2017 wakapewa uanachama kamili pamoja na Ireland, 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Na Dar es Salaam walipita, watu wanapita barabarani wakielekea kazini hawana habari nao.

Wengine wa Dar je? Fiji na Jersey walishuka. Hong Kong waliopanda walikuja kucheza Kombe la Dunia la T20 mwaka 2014. Sisi na Italia tukabaki palepale daraja la nne. Italia wamefuzu Kombe la Dunia la T20 la 2026, sisi bado. Sisemi kwa kulaumu, nasema ili ionekane kwamba kwenye ile wiki moja ya Dar hakukuwa na umbali mkubwa wa kutisha kati ya timu, umbali umekuja baadaye, na umekuja kwa vitu vya kawaida tu, makocha, viwanja, watoto kuanza mapema, mechi nyingi.

Sasa huo mfumo wa namba ulivunjwa 2019 na hapo ndo vurugu za kuelewa zikaanza. Badala ya madaraja yenye namba kukaja majina. Nchi zenye mechi rasmi za ova 50 chini ya wakubwa zikawekwa Ligi ya Pili, saizi ni timu nane, wamo Namibia, Nepal, Scotland, Uholanzi, Oman na wengineo. Chini yake kuna Challenge League, timu 12 kwenye makundi mawili, A na B. Walio nje ya hapo ova 50 za ICC hawana kabisa, wanabaki na T20.

Na T20 ikafunguliwa mlango wote. Tangu Januari 2019, mechi yoyote ya T20 kati ya timu za taifa za wanaume za wanachama wa ICC inahesabika ya kimataifa, wanawake walitangulia Julai 2018. Kabla ya hapo Tanzania ikicheza na Uganda ilikuwa kama mechi ya mtaani kwenye vitabu. Hilo limeleta ushindani lakini limeleta na matokeo ya ajabu ambayo ndo yanasambaa kwenye simu zetu.

Ngazi ya T20 kwa Afrika inakwenda hivi. Kwanza kuna michujo midogo. Kwa kombe la 2026 ilikuwa mitatu, A ikachezwa Dar Septemba 2024, sisi tukapita pamoja na Malawi tukawaacha Ghana, Cameroon, Lesotho na Mali. B ikachezwa Kenya, C Nigeria. Kila mchujo ukatoa wawili, wakaungana na Namibia na Uganda waliokuwa kombe la 2024, zikawa timu nane Harare, makundi mawili, nusu fainali, na wanaofuzu ni wawili tu. Maana yake nusu fainali ndo fainali yenyewe, ukishinda hiyo umeenda India na Sri Lanka, ile fainali baada yake ni ya heshima. Tanzania ilitoka kundini, Uganda waliokuwa kombe lililopita wakaachwa, alafu tukakutana na Namibia. Mechi moja! Ndo maana nasema kufungwa pale sio aibu hata kidogo, ni kukosa kwa hatua moja.

Turudi kwenye matokeo ya ajabu. Kwenye mchujo wa Kenya, Oktoba 2024, Zimbabwe waliifunga Gambia mikimbio 344 kwa ova 20, rekodi ya dunia ya T20 za kimataifa, Sikandar Raza peke yake akapiga 133 bila kutolewa, Gambia wakajibu 54. Mwezi uliofuata Lagos, Nigeria wakapata 271, Ivory Coast wakatolewa wote wakiwa na mikimbio 7. Saba. Timu nzima. Watu walicheka sana, memes zikatembea, na wengi wakauliza kwa nini Nigeria hawakuwahurumia.

Jibu ni hesabu inayoitwa neti rani reti, na usipoielewa hii huwezi kuelewa mashindano ya chini hata moja. Timu zikilingana pointi kinachoangaliwa ni wastani wa mikimbio unayopata kwa ova toa wastani unaoruhusu. Ukipata 160 kwa ova 20 ni wastani wa 8, mpinzani akipata 120 kwa ova zake 20 ni 6, basi umepata jumlisha 2. Na kuna kitu kimoja kinapitwa sana, timu ikitolewa yote kabla ova hazijaisha, hesabu inamhukumu kama aliyetumia ova zote. Kwaiyo wale Ivory Coast mikimbio yao 7 iligawanywa kwa 20, wastani 0.35, Nigeria 13.55, tofauti 13.20 kwa mechi moja. Kwenye mashindano ya mechi nne tano hiyo ni akiba ya kukubeba hata ukiteleza sehemu. Nepal mwaka 2010 walipanda kutoka daraja la tano mbele ya Singapore kwa hesabu hiyohiyo, walilingana pointi, na leo Nepal wanajaza viwanja. Ukiwa kocha huwezi kumwambia mchezaji apunguze. Kuhurumia kunaweza kukugharimu miaka miwili.

Na hao Ivory Coast, kwa anayecheka, ndo kwanza walikuwa wanaingia. Kila mtu huwa na siku yake ya mikimbio saba.

Kingine ni mvua. Mashindano yakiwa ya siku chache mechi moja ikifutwa mnagawana pointi, na mnyonge anaweza kumtoa mkubwa bila kurusha mpira. Ndo maana haya mambo yanapangwa miezi ya kiangazi, na ndo maana mtu akiniuliza kwa nini yasiletwe kwetu Mbeya mwezi wa Februari huwa namwangalia tu. Na tukiacha mvua, uwanja wetu wa Sokoine hautoshi. Uwanja wa mpira upana wake ni kama mita 68, kriketi ya kimataifa kwa kawaida inataka kamba ya mpaka iwe si chini ya mita 59 kutoka katikati, kila upande, piga hesabu mwenyewe.

Sasa yale yanayosemwa-semwa. La kwanza, kwamba mwenyeji anafuzu moja kwa moja. Kwenye Kombe la Dunia la ova 50 la 2027 wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, lakini waliopewa nafasi ya bure ni wawili wa kwanza kwa sababu ni wanachama kamili. Namibia ambaye viwanja vyake vitatumika inabidi apambane kwenye mchujo kama wengine. Binafsi naona ni uonevu ulioandikwa vizuri kwenye karatasi, lakini ndo kanuni.

La pili, kwamba kriketi ni ya Wahindi. Hili tunalisikia sana, Iringa mjini na Mbeya mjini mtu akisikia kriketi anafikiria mwenye duka. Historia ipo, jamii ya Kihindi ndo iliyoubeba huu mchezo Dar kwa miaka mingi na wanastahili shukrani. Ila angalia timu ya taifa, yumo Abhik Patwa, yumo Ivan Selemani, yumo Kassim Nassoro, na kila mmoja ana nafasi yake. Kanuni ya ICC inataka uwe umezaliwa kwenye nchi, au ni raia, au umeishi miaka mitatu mfululizo. Rangi haimo.

La tatu, kwamba wakipanda wataenda kufungwa tu. Uganda walipanda, Novemba 2023 huko Windhoek wakamfunga Zimbabwe wakafuzu kombe la 2024. Ndio, kwenye kombe hilo timu ya West Indies iliwatoa wote wakiwa na mikimbio 39, New Zealand wakawatoa wakiwa na 40. Lakini waliwafunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, akarusha ova zake nne akaruhusu mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Mipira 24, mikimbio 4, kwenye Kombe la Dunia. Ukimuuliza Mganda yeyote anayefuata kriketi hatakwambia habari ya 39.

Tumalizie na ile ya 2027 ya watu wa mikeka, maana ndo yenye mlima mrefu. Mwanzoni mwa 2024 ICC iliita timu nane Kuala Lumpur kugombea nafasi nne za Challenge League. Nne zilikuwa zile zilizofanya vibaya Challenge League iliyopita, nne zikachukuliwa kwa nafasi zao kwenye viwango vya T20, na Tanzania iliingia kwa mlango huo wa T20. Hapo tu ndo ngazi mbili zimegusana. Tukapita pamoja na Kuwait, Italia na Bahrain, wenyeji Malaysia wakabaki nje.

Tukapangwa kundi B na Uganda, Bahrain, Singapore, Italia na Hong Kong, hao wawili wa mwisho ni walewale wa Dar 2008. Wawili wa juu wa kila kundi wanakwenda kukutana na wanne wa mkiani mwa Ligi ya Pili, zinakuwa timu nane, wanne wanasonga. Hao wanne wanaungana na wanne wa juu wa Ligi ya Pili na wanachama kamili wawili walioshindwa kufuzu kwa viwango, zinakuwa timu kumi. Kumi hizo zinagombea nafasi nne, kombe lenyewe lina timu 14. Kwaiyo ukiona mtu kaandika Tanzania ipo kwenye njia ya 2027 hajadanganya, muulize tu ipo hatua ya ngapi kati ya hizo tatu, na kundi B wapo nafasi ya ngapi.